Nilimwambia Chumba ni Chake

Haya yamenifika mimi mwenyewe, mchana kweupe, na macho yangu mawili yakiwa wazi. Sitaki uniambie nilikuwa na homa, wala kwamba joto la Maskati lilinipanda kichwani. Nafanya kazi ofisini Al Khuwair mwaka wa ishirini na mbili huu, natia sahihi yangu kwenye makaratasi ya watu, na wanaonijua watakwambia kuwa nina ulimi mkali na kichwa kigumu, lakini mzushi hawatakwambia. Basi kama umekuja kutafuta pa kucheka, cheka sasa umalize, kisha unisikilize.

Mama yangu alikuwa akikaa na kaka yangu mtaa wa Ghubra, ghorofa ya tatu. Magoti yake yalishamkatalia zamani, na tegemeo lake lilikuwa lifti. Siku moja mwezi wa sita alirudi kutoka kwa daktari akakuta lifti imezimika. Akapanda ngazi. Alifika ghorofa ya pili akashindwa kwenda mbele wala kurudi nyuma, akakaa pale pale kwenye ngazi na mfuko wake wa dawa, saa nzima, mpaka kaka yangu akarudi kutoka kazini. Nilipohadithiwa nililia. Nikampigia simu nikamwambia, "Mama, unahamia kwangu."

"Kwako vyumba vyote viko juu, mwanangu," akanijibu. "Nna mbawa mie?"

Kweli. Nyumba yangu ya Bawshar chini ina sebule na jiko tu, na ubavuni ina gereji, yaani pale gari linapolala. Nikamwambia, "Gari litalala nje. Wewe utalala penye gari."

Fundi nilimtafuta mmoja tu, wa kuziba ule mlango mkubwa wa gari kwa matofali na kuacha dirisha. Yaliyobaki niliyafanya mwenyewe. Usishangae. Nilishasubiri mafundi wawili walioniahidi Jumamosi, na sijui walikusudia Jumamosi ya mwaka gani. Nikakaa na simu yangu usiku baada ya usiku nikitazama watu wanavyofanya, nikanunua msumeno, pima maji na nyundo ya mpira, nikaomba likizo ya wiki mbili, nikavaa suruali ya marehemu mume wangu. Majirani walikuwa wakipunguza mwendo wa magari yao ili wanione.

Nikueleze kidogo, uelewe kilichotokea. Gereji ya Maskati mwezi wa nane ni tanuri. Kuta matofali matupu, juu zege linalopigwa na jua kutwa nzima. Ukimlaza mtu mzima humo umemuua. Kwa hiyo kwanza nilipigilia mbao ukutani na darini, katikati ya mbao nikapachika mabao ya foma ngumu, ile nyeupe nyepesi ya kuzuia joto, juu yake nikafunika kwa mabao ya jipsamu. Kisha nikaingia kwenye sakafu, na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu sakafu ya gereji huwa imeinama kuelekea mlangoni ili maji ya kuoshea gari yatoke. Inabidi uitandike foma, nene upande huu na nyembamba upande ule, mpaka pima maji ikubali. Juu ya foma unatandaza ile karatasi ya rangi ya fedha ya kuzuia joto na unyevu, halafu mbao za sakafu zinazobanana zenyewe. Hiyo karatasi ya fedha ina kelele zisizo na mfano. Paka akikanyaga ncha yake, utadhani mtu anafungua pakiti ya biskuti msikitini.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya sala. Mtaa ulikuwa kimya, watu wamekula na wamelala. Mlango mdogo wa uani nilikuwa nimeutia komeo kwa sababu ya upepo wa moto na vumbi lake. Nilishatandaza karatasi yote, nami nimepiga magoti pembeni kabisa, uso ukutani, nakata kipande cha mwisho cha foma kwa kisu.

"Asalaam aleikum," sauti ikasema nyuma yangu.

Nikaitikia bila ya kugeuka. Sauti ilikuwa ya bibi mtu mzima, na baada ya salamu Kiswahili chake kikawa cha Unguja mjini hasa. Hilo halikunishtua. Mtaani kwetu nusu ya mabibi wamezaliwa Unguja au Pemba, na hawajui kupiga kengele. Wanaingia kwa mlango wa jikoni kama wanaingia kwao. Nikadhani mama wa jirani fulani kachoka kulala.

"Mwanangu, hii si kazi ya wanaume?" akaniuliza.

"Wanaume wenyewe wako wapi, bibi?"

Akacheka. Nami nikacheka, naendelea kukata. Akasema, "Mashaallah. Pana baridi humu. Chumba kizuri hiki."

"Chako, bibi," nikamjibu.

Ah, niamini, hapo ndipo nilipokosea, na kila mmoja wetu angekosea vile vile. Sisi tumelelewa hivyo. Mtu akikusifia kanga yako, unamwambia, "Yako." Akisifia bangili, "Zako." Hata mtoto wa miaka minne anajua. Na anayeambiwa naye anajua wajibu wake: atasema, "Ikae kwako kwa kheri," na kitu kitabaki kwa mwenyewe. Ni adabu. Nani katika maisha yake amewahi kuambiwa "yako" akabeba?

"Changu mie?" akauliza yule bibi.

"Chako, bibi. Karibu."

Nikangojea jibu la adabu. Kisha akasema polepole, "Nimepokea. Mungu akulipe, maana nimehangaika sana."

Hapo nikageuka. Alikuwa amekaa katikati ya chumba, juu ya karatasi ya fedha, amenyoosha miguu. Bibi mwembamba, kanga zake mbili zimepauka, uso wa mtu aliyechoka na safari. Hakuwa na pembe wala kwato, kama ulikuwa unangojea hayo. Lakini nje kulikuwa na joto la kuchoma soli za viatu, na kipaji chake cha uso kilikuwa kikavu, hakina hata tone la jasho. Na ile karatasi? Alikuwa ametembea juu yake hatua tano au sita mpaka kufika pale, na mimi sikusikia kitu. Alikuwa anaipapasa kwa kiganja mbele ya macho yangu, mbele na nyuma, na haikutoa hata mnong'ono.

Nikasema, sijui kwa sauti gani, "Nikuletee maji, bibi," nikampita nikiwa nimebana ukutani. Kila hatua yangu karatasi ikapiga kelele. Jikoni nikamimina maji, nikatia tende kwenye sahani. Niliporudi, hapakuwa na mtu. Komeo la mlango wa uani liko pale pale nilipolitia. Mlango wa pili, wa kuingilia jikoni, nilikuwa mimi ndani yake. Na juu ya karatasi, palipotapakaa chembe nyeupe za foma, kulikuwa na alama za magoti na nyayo zangu peke yake.

Utaniuliza, hukukimbia? Nikimbilie wapi? Mama yangu alikuwa amebakisha siku kumi na tatu aje. Nilisoma nilichoweza kusoma, nikafungulia Kurani kwenye simu kutwa nzima, nikapiga moyo konde nikaendelea na mbao zangu. Nikajitia hamnazo. Nilimaliza sakafu siku ya tano, nikaacha nafasi ya kidole ukutani kote ili mbao zipate pa kutanuka, nikafunika kwa ukingo. Kazi ilikuwa safi, nasema mwenyewe bila ya haya.

Chumba kikawa na baridi. Kiyoyozi kilikuwa bado hakijafungwa, saa nane mchana, mwezi wa nane, na ukiingia unatamani shali. Kaka yangu alikuja akagusa ukuta, akasema, "Kumbe weye injinia!" Nikacheka naye, nikamhadithia habari za foma mpaka akachoka. Lakini foma haileti baridi. Foma inazuia joto tu, na hilo nilikuwa nimeshalisoma. Na kila siku, baada ya adhuhuri, nikiwa nimejinyoosha sebuleni, nilisikia kutoka gereji karatasi ya fedha ikilia. Karatasi iliyo chini ya mbao, iliyobanwa, isiyoweza kuguswa na mtu. Ililia kidogo, ikanyamaza, ikalia tena, sawasawa na mtu anayejigeuza kitandani. Sikumwambia mtu. Niliogopa, lakini nilichoogopa zaidi ni mama kurudi kwenye zile ngazi.

Mama alihamia Alhamisi. Alikipenda chumba tangu mlangoni, akaipapasa sakafu kwa fimbo yake, akaniombea dua ndefu. Nilimwekea kitanda penye dirisha, vitabu vyake vya dua, na picha aliyokuja nayo, ya nyumba ya babu Unguja, nikaitundika ukutani. Katika nyumba hiyo anakaa mama yangu mdogo mpaka leo, na uani kuna chumba ambacho mama mdogo hamlazi mtu. Ni cha mama. Kila mwaka mama alikuwa akisema magoti yakipoa atakwenda kulala chumbani kwake, na kila mwaka mama mdogo akikipiga chokaa upya.

Siku ya pili, mchana, mama alilala baada ya chakula. Nusu saa haikupita nikasikia fimbo. Nikamkuta amekaa kwenye kiti, amejifunika ushungi, na uso umekunjana.

"Kitanda kina mwenyewe," akasema.

"Mwenyewe ni wewe, mama."

"Usinchezee. Kila nikifumba macho mtu ananambia, 'Sogea.' Kwa adabu, lakini ananambia. Umemwambia nini?"

Nilikuwa sijapata kumdanganya mama yangu hata siku moja, wala siku hiyo sikuweza. Nikamhadithia yote. Nilipofika pale niliposema "chako" bila ya kugeuka, alijipiga paja.

"Ewe mtoto! Adabu gani hiyo ya kumpa mtu hujamtazama uso?"

Basi nikashikwa na hasira. Sijui kama unazijua hasira za mtu aliyefanya kazi kwa magoti siku kumi na nne. Nikachukua mtaimbo nikaanza kung'oa mbao za sakafu, ubao wa kwanza, wa pili, wa kumi. Nikafika kwenye karatasi ya fedha. Baridi iliyotoka pale ilinichoma vidole. Na katikati ya chumba, foma ngumu, foma ninayoisimamia kwa miguu miwili na haibonyei, ilikuwa imebonyea. Bega, nyonga, na visigino viwili. Urefu wa bibi mwembamba.

"Wacha," mama akasema. "Umetoa, hupokonyi. Nenda jikoni ufunge mlango."

"Mama, nikuache na nani?"

"Na mgeni wako. Nenda."

Nilikwenda, na mlango nikaufunga, lakini sikio nililiacha pale pale. Niliyasikia haya mwenyewe. Mama alitoa salamu, na salamu ikajibiwa. Akauliza, "Bi mkubwa, kwenu wapi?" Yule bibi akasema alikuja huku zamani pamoja na watu kutoka Unguja, watu aliokaa nao nyumba moja tangu kule. Watu wale wakafa mmoja mmoja. Nyumba yao ikavunjwa ipite barabara. Tangu siku hiyo anazunguka juani, na hana anayemwambia karibu.

"Sasa si urudi?" mama akamuuliza.

"Ntafikia wapi? Kule sina pahala. Sisi hatuingii ila pale tulipopewa."

Baada ya hapo sauti zilishuka. Nilisikia wakitajiana mitaa, wakibishana habari ya kisima fulani, hata wakacheka, mabibi wawili wanaopiga soga. Jua likaanza kulala. Halafu nikamsikia mama yangu analia. Nilishika kitasa, nikaita, "Mama!" Akanijibu kwa ukali, "Sijakwita!" Kisha kwa sauti ya chini, lakini niliisikia, akasema, "Chako, bi mkubwa. Mie nimekutazama uso."

Na ile nyingine ikasema, "Nimepokea."

Mama alifungua mlango wakati wa adhana ya magharibi. Joto lilinipiga usoni, joto la kawaida la gereji mwezi wa nane, na nikajua kuwa mgeni keshaondoka. Mama macho yalikuwa mekundu. "Laza mbao zako," akanambia. "Na huyo fundi wa kiyoyozi mwite, usije ukaniua."

"Umempa nini, mama?"

"Changu," akasema, akaenda kutawadha.

Foma iliyobonyea niliitoa, nikatia nyingine, nikarudisha sakafu. Mama akalala usiku mzima. Akalala na uliofuata, na mchana wake pia. Nikaanza kusahau, mwanaadamu ni mwepesi. Mpaka siku ya tisa mama mdogo akapiga simu kutoka Unguja, ana furaha haishikiki.

"Nyinyi watoto hamna haya! Dada anasafiri peke yake na magoti yake yale, hata simu hampigi tukampokee? Kaja mwenyewe na kanga zake mbili, kaingia moja kwa moja chumbani kwake. Analala tu. Anasema kachoka na jua."

Mama alikuwa mbele yangu, anapepeta mchele. Nikampa simu. Alisikiliza. Kisha mama yangu, mtu mzima wa miaka sabini na sita, akageuza sauti akajifanya mimi, akasema, "Mtunze mama, mama mdogo. Mpe chumba kizuri." Akakata simu akarudi kwenye mchele wake.

Hivi sasa ni zaidi ya mwaka. Tiketi nilimnunulia mama mara moja, nikidhani nitamfurahisha. Aliirudisha mezani. "Niende wapi?" akaniuliza. "Pangu pana mtu." Picha ya nyumba ya babu aliishusha ukutani mwenyewe, na sijui kaiweka wapi.

Nilishindwa kunyamaza. Nilimpigia mama mdogo nikamwambia ukweli wote: yule si dada yako, mama yuko hapa kwangu Bawshar, anakula na kulala. Furaha yote ikaondoka kwenye sauti yake. Akasema, "Dada yangu yuko hapa anakunywa chai. Nimekua naye, namjua kwa kovu la utosini na la kidoleni. Huyo uliye naye weye, mtazame vizuri."

Nilimtazama. Wallahi nilimtazama siku tatu, mama yangu mzazi, kwa wizi, akila na akisali, na nikajichukia. Ni yeye. Magoti ni yake, ukali ni wake, na nyuma ya sikio lake liko lile baka nililokuwa nikilichezea utotoni. Lakini mimi nilikuwa sijapata kuwa na haja ya kumtazama hivyo, na yeye aliniona ninavyotazama.

Basi sikiliza, wewe unayesema hizi ni hadithi za kupitishia mchana. Mtu akikusifia kitu chako, geuka kwanza. Acha kazi ya mkono, umtazame uso na miguu yake, umwone anavyokanyaga, ndipo utie adabu yako. Na kama unamjengea mzazi wako chumba, useme kwa sauti tangu tofali la kwanza kwamba ni cha nani, asikie kila anayesikia.

Kutoka Unguja hawapigi tena kumuulizia mama. Watampigiaje, na wao dada wanaye? Ijumaa baada ya chakula, kabla hajajinyoosha, huniuliza kama kuna aliyepiga kutoka nyumbani. Namwambia mtandao wa kule mbaya wiki hii. Huniitikia, "Haya," na kunigeuzia mgongo.